Vibamba Vinane na Nta ya Viatu

Benchi letu ni mlango uliong'olewa bawaba, umelazwa juu ya matofali, na tundu la kitasa bado liko palepale. Ukikaa kwenye tundu unaumia, kwa hiyo hapo ndipo tunapomkalisha mgeni. Liko kwenye pembe ya mitaa miwili, kati ya kibanda changu cha viatu na karakana ya Kioo. Mimi wananiita Soli, na tangu niweke kibanda hapa sijasikia jambo la maana likisemwa kwenye benchi hili, isipokuwa yale niliyosema mimi. Kioo ni fundi wa kung'arisha vyuma: vitasa, mabomba, tarumbeta za bendi, chochote kile, mpaka uone meno yako. Takwimu alikuwa karani wa idara ya maji, amestaafu, na hawezi kukusalimia bila kutaja asilimia. Honi aliendesha malori hadi macho yakagoma kuona mbali. Koo halijagoma, kwa bahati mbaya yetu. Bi Hapana ndiye mwenye birika la kahawa, na jina hilo amelitafuta mwenyewe. Asubuhi hiyo birika lilikuwa limejaa, mimi nina kiatu cha mteja mapajani, na Kioo akaja amenuna.

Honi: Nani kafa?

Kioo: Hajafa mtu. Mpwa wangu analia. Wiki ya pili sasa. Seli zimekataa kushika.

Takwimu: Kushika nini?

Kioo: Chuma.

Honi: Chuma kinashikwa kwa nati, bwana. Seli ndiyo spana?

Takwimu: Seli ni vidude vidogo vilivyojenga mwili. Mwili wako wewe Honi, asilimia tisini ni seli, kumi iliyobaki ni kelele.

Niwaeleze kabla hawa hawajaharibu. Huyo mpwa ni binti wa dada yake Kioo, wa tumbo moja. Dada alianguka, nyonga ikavunjika, akawekewa nyonga ya chuma. Chuma chenyewe kikakaa ndani ya mfupa kama mpangaji asiyeelewana na mwenye nyumba, mwishowe kikalegea. Leo anatembea kwa fimbo mbili, na ngazi ya nyumba yake anaipanda kwa makalio. Binti akaenda kusomea jambo hilohilo. Sasa yuko maabara, kule nyuma ya hospitali, anatafuta chuma ambacho mfupa utakikubali. Siku hiyo saa nane mchana wakubwa wake walikuwa wanakuja kuangalia kazi. Wakikuta hamna kitu, kile chumba kinafungwa na yeye anarudi nyumbani. Hilo Kioo alituambia mwenyewe. Sisi tukafanya nini? Tukaagiza kahawa.

Honi: Haya, tueleze vizuri. Hizo seli zina mikono?

Kioo: Zina miguu. Mpwa wangu kanieleza. Seli inatembea juu ya chuma inapapasa. Ikipata pa kukanyaga inashika, inaita wenzake, wanajenga mfupa juu yake. Isipopata inajikunja kama mpira na kufa. Sasa yeye anakichora chuma mifereji, midogo kuliko unywele, ili seli zijue njia. Kibamba cha kwanza cha majaribio zilishika, zikajipanga mstari mmoja, anasema alikaa kwenye hadubini anacheka peke yake. Hivi vinane vya sasa hakuna hata moja iliyoshika.

Takwimu: Basi ni uvivu. Utafiti unaonyesha asilimia sabini ya seli ni wavivu.

Mimi: Utafiti wa nani?

Takwimu: Unaonyesha tu.

Honi: Si uvivu. Ni baridi. Gari la dizeli ukiliamsha bila kulipasha moto litakukatalia. Ampashie chuma kwanza, seli zikikanyaga pa moto zitang'ang'ania.

Bi Hapana: Hapana. Pa moto ndipo mtu anaponyanyua mguu.

Honi: Wewe mimina kahawa. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.

Mimi: Linahusiana vipi na seli?

Honi: Linahusiana. Tafakari.

Nilitafakari. Halihusiani. Mtu huyu amebeba methali kichwani kama alivyobeba mizigo barabarani, hajui kilichomo ndani ya gunia, anajua tu kulishusha popote.

Bi Hapana: Mimi naona wanaziangalia mno. Wewe Takwimu ungeweza kula huku jicho la mtu limekukodolea juu ya sahani kutwa nzima? Zinaona haya hizo.

Takwimu: Seli haina haya. Haya iko kwenye ubongo.

Bi Hapana: Ndiyo maana wewe huna.

Tulicheka wote, hata Kioo akatabasamu kidogo. Kisha Honi akasogea mbele, ishara kwamba anakuja na kitu kikubwa. Akishasogea hivyo, shikilia kikombe chako.

Honi: Sikilizeni. Humo kwenye chupa kuna seli moja kubwa. Mchochezi. Inawaambia wenzake: jamani, tukishika hiki chuma leo, kesho wataleta reli. Tususe! Nimeyaona haya kwenye malori. Dereva mmoja tu akivimba, msafara mzima unalala.

Takwimu: Sasa hapo umesema. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Mimi: Ee Mola.

Takwimu: Na mimi naongezea. Chuma kina kumbukumbu. Pengine hicho kilikuwa bomba la bunduki zamani, kikayeyushwa. Seli inanusa. Inasema, hapa pamefia watu, sikanyagi.

Honi: Enhe! Wakisomee dua.

Kioo: Ni titani mpya, nyie! Imetoka kiwandani na karatasi zake. Bunduki ya wapi?

Honi: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hata dada yako...

Kioo: Dada yangu mwache! Hakuvunjika guu kwa kukataa la mkuu. Aliteleza akimwogesha mama yetu. Ukimtaja tena kwa mzaha, birika hilo nitakuvika kichwani.

Honi akasema samahani, kwa sauti ya chini ambayo kwake ni sauti ya watu wa kawaida. Kioo akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja, mikono yake myeusi kwa unga wa chuma. Anampenda dada yake, huyo mtu. Na yule mpwa alimbeba mgongoni akiwa mdogo, mtaa mzima unajua.

Kioo: Kinachoniuma ni kwamba mimi nilitimiza wajibu wangu. Nilipita hata wajibu. Mnakumbuka alivyoniletea lile bamba? Lilikuwa moja, anataka nilikate vinane vya mviringo, viingie kwenye visahani vyake. Chafu! Ukiligeuza juani linatoa rangirangi, kijani, zambarau, vile dimbwi la mbele ya gereji linavyong'aa. Mafuta matupu. Halafu ukilisogeza jichoni, mikwaruzo kila mahali.

Takwimu: Nilikiona kimoja. Uchafu asilimia mia.

Kioo: Akaniambia, mjomba, kata tu, uso wake usiuguse. Mtoto ana adabu! Anaona haya kumtwisha mtu mzima kama mimi kazi ya ziada. Sasa mimi nimpe mpwa wangu chuma kichafu akakiweke mbele ya wakubwa? Wamuulize, hiki umekiokota wapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaziba nyufa zote. Nikaviweka kwenye mashine ya kung'arishia, kimoja kimoja, nikavifunga kwenye kitambaa, nikavipeleka mwenyewe hadi mlangoni, nikamkabidhi mwenzake.

Honi: Na vilipendeza, haki ya Mungu. Mimi nilitazamia jino langu la nyuma.

Takwimu: Mimi nilichania masharubu.

Bi Hapana: Mimi nilisema hapana, sijawahi kuona chuma kizuri kama hiki.

Hayo ni kweli. Walipokezana vile vibamba kwenye benchi hili, kila mtu akijitazama sura ambayo kwa maoni yangu haikustahili kioo. Na mimi? Mimi ndiye niliyesema bado vina ukungu kidogo. Nikatoa nta ya viatu na kitambaa changu cha sufu, kile cha viatu vya maharusi, nikamsaidia kusugua. Vingine vilipita mikononi mwangu. Kioo aliniambia, Soli, wewe ni ndugu.

Honi: Basi lawama si yako, Kioo. Ulimpa seli kitanda kilichotandikwa. Zikikataa ni kiburi chao. Mchagua jembe si mkulima.

Takwimu: Ni kiburi. Asilimia themanini na tano.

Wakaendelea hivyo. Honi akafikia mahali pa kusema seli zinatakiwa ziandikiwe barua. Takwimu akauliza kwa lugha gani. Wakabishana juu ya lugha ya seli, watu wazima wenye wajukuu, na mimi nikawadharau kama kawaida yangu, nikainamia kazi. Kiatu kilichokuwa mapajani kilikuwa kimebanduka soli. Nilichukua msasa nikaanza kuukwangua upande wa chini wa ngozi, kwa nguvu, mpaka utoke malaika, vile vinyweleo vyake.

Honi: We Soli, mbona unakiharibu kiatu cha watu? Ngozi ilikuwa laini kabisa, wewe unaikwangua!

Mimi: Ngozi ikiwa laini gundi haishiki, mjinga wewe. Lazima ipate pa...

Sikumaliza. Msasa ukasimama mkononi. Miaka thelathini nakwangua soli kabla ya kutia gundi. Hata mtoto akipita hapa huwa namwambia: kitu laini hakishikwi. Na vile vibamba nikavipaka nta. Nta! Ambayo kazi yake ni kuzuia kitu kisishike.

Nikamtazama Kioo. Alikuwa anamsikiliza Honi, anatikisa kichwa, mnyonge kabisa. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Nikafikiri jinsi Honi atakavyocheka, nikafikiri Kioo atakavyoniangalia, nikaufunga. Kijiwe kizima nakidharau, na siku ambayo nilikuwa na neno moja la kweli nikalimeza. Bi Hapana alikuwa ananikazia macho mimi na ule msasa.

Ndipo binti akatokea.

Alikuja kwa miguu kutoka upande wa hospitali, koti jeupe kalikunja mkononi, mkono wa pili kashika kopo la bati na daftari. Macho yamevimba lakini makavu.

Binti: Shikamooni.

Sote: Marahaba, marahaba mwanangu. Karibu, kaa.

Tukamsogezea nafasi. Kwenye tundu la kitasa, kwa mazoea tu, na hakuna aliyepata akili ya kumpisha. Akakaa. Bi Hapana akampa kikombe, hakukinywa.

Kioo: Vipi mama? Zimeshika?

Binti: Hapana, mjomba. Asubuhi nimevitoa kwenye maji ya seli, alimovitia mwenzangu, nikavikausha. Siku zote nilikuwa natazama seli tu, chuma chenyewe sijakitia machoni tangu unikatie. Leo nimekiinua, nikajiona uso.

Akafungua kopo. Vibamba vinane, juu ya pamba, vinametameta. Nikaona pua yangu ndani ya kimoja.

Binti: Mjomba, vilikuwa na rangi. Ukivigeuza juani vinatoa kijani na zambarau. Ile rangi ndiyo mifereji yenyewe, ni midogo mpaka mwanga unavunjika juu yake. Nimeichora miezi saba. Imekwenda wapi?

Kioo alichukua kimoja kwa ncha za vidole. Akakipeleka juani, akakigeuza huku, akakigeuza kule. Kila alipogeuza kilimwonyesha Kioo sura yake mwenyewe. Nilimwona akielewa, ilianzia kwenye midomo ikashuka mabegani.

Kioo: Nilidhani mafuta.

Binti: Nilikwambia usiguse uso.

Kioo: Nilidhani adabu. Mama, nilitaka upendeze mbele ya wakubwa zako. Wallahi nilitaka upendeze.

Hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alimshika mjomba wake mkono, ule mweusi, akaufuta unga wa chuma kwa pindo la koti lake jeupe. Halafu akafungua daftari kwenye goti.

Binti: Sasa nisikilizeni, wazee wangu, muda hakuna. Vibamba hivi bado vinaweza kuniokoa. Kibamba cha kwanza kilikuwa na mifereji, seli zikashika. Hivi vimesuguliwa, hazikushika. Chuma kilekile, maji yaleyale, seli zilezile. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, imethibitishwa kwa makosa. Lakini wakubwa wataniuliza vilisuguliwa vipi, na sitawadanganya. Nani alivisugua?

Kioo: Mimi. Kwa mashine.

Bi Hapana akakohoa, akinitazama.

Mimi: Na mimi, mwanangu. Vingine nilisugua mimi. Kwa nta ya viatu.

Kioo aligeuka akaniangalia kama mtu aliyenisahau jina. Binti hakushtuka. Aliandika.

Binti: Nta. Ahsante baba. Basi hapo yako makundi mawili, na siwezi kuyachanganya. Kama ni nta iliyofukuza seli, hilo ni jambo lingine kabisa, mifereji haihusiki. Nikivijua vya mashine peke yake, saa nane nina la kusema. Nisipovijua, nina vioo vinane tu.

Akavipanga vyote vinane juu ya ubao wa benchi, kati yetu, mstari mmoja.

Binti: Vipi vilipakwa nta?

Swali jepesi. Kidole tu kinatosha.

Nikakodoa macho. Vilikuwa sawa vyote, mviringo mmoja, mng'ao mmoja, ustadi wa Kioo huo, hana mpinzani. Nikanyoosha kidole kwa cha tatu, nikakirudisha. Vilikuwa viwili vya mwisho? Au vitatu? Nilianza na nta kabla hajamaliza mashine, au baada? Kioo akakiinua kimoja, akakinusa, akakiweka. Honi, aliyejua mawazo ya seli mchochezi na hotuba yake neno kwa neno, akatazama barabara. Takwimu akafungua mdomo. Tukamgeukia wote, hata binti akainua kalamu, maana kama kuna mtu aliyehesabu kitu siku ile ni yeye.

Takwimu: Mimi... siku ile nilikuwa nachania masharubu.

Binti: Hata kimoja tu, kwa uhakika. Kimoja kisicho na nta kinanitosha.

Tulikuwa wazee watano na birika moja, vibamba vimepita mkononi mwa kila mmoja wetu mchana kweupe. Hakuna aliyejua. Asubuhi nzima tumejua seli zinavyofikiri, zinavyonusa, zinavyoona haya. Kilichofanywa na mikono yetu wenyewe, juu ya benchi letu wenyewe, hatukukijua.

Bi Hapana: Kahawa imekwisha.

Lilikuwa nusu, lile birika. Nililisikia likicheza alipoliinua.

Binti alingoja zaidi ya tulivyostahili. Kisha akakifuta kile alichoandika, kwa mstari mmoja ulionyooka kabisa, akarudisha vibamba kwenye pamba kimoja kimoja na kufunga kopo.

Kioo akavua aproni. Akanawa mikono kwenye ndoo yangu ya kulowekea ngozi, akasugua mpaka viwiko, na haikutakata.

Kioo: Tunakwenda wote. Wakiuliza nani, waniulize mimi.

Binti: Hawatauliza nani, mjomba. Watauliza vipi.

Kioo: Basi nitasimama tu.

Wakaondoka, mjomba amelibeba kopo kwa mikono miwili kama limejaa maji. Hata kwaheri hakuniambia, na sikumlaumu. Ilikuwa inakaribia saa saba.

Tukabaki. Kiatu cha watu kiko mapajani mwangu, nusu kimekwanguliwa. Jua limehamia kwenye tundu la kitasa. Takwimu anahesabu matofali ya benchi kwa macho, sijui ya nini sasa. Honi akasafisha koo, akasogea mbele kama anavyosogea.

Honi: Mimi ninavyoona, kwa kweli, tatizo lilianzia kwa hao wakubwa...

Bi Hapana: Hapana.

Na kwa mara ya kwanza hakuna aliyembishia.